Skana imelia, lakini nani amekubali?

Jumatatu moja asubuhi, katika ghala la dawa na vifaa tiba lililo kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, zilipokelewa katoni 24 za maji ya dripu. Zilishushwa kwenye gari, zikahesabiwa, zikapigwa skana, zikapandishwa kwenye rafu. Jioni mfumo ulisema ghala lina katoni 48. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyelala kazini. Mtunza ghala, mzee aliyeshika stoo tangu enzi za leja na karatasi za kaboni, alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Nilipompa shikamoo na kumwuliza ilikuwaje, aliitikia marahaba, akanionyesha ile mashine. "Mwanangu, hii ililia. Ikilia, si ndiyo imekubali?"

Skrini za mashine ile nilizitengeneza mimi, kwa hiyo swali la mzee lilikuwa langu kulijibu. Na jibu la kweli ni hapana. Skana ya mkononi ikilia inakuwa imesema jambo moja dogo tu: nimeisoma ile mistari. Haijasema kwamba programu imeelewa kilichosomwa. Haijasema kwamba seva, ile kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za ghala, imeandika. Ni mambo matatu, yanatokea mahali patatu, na kila moja linaweza kwenda vizuri huku linalofuata likikwama. Anayetengeneza skrini za skana kwa ajili ya mfumo wa ghala anadhani kazi yake ni kupanga vitufe. Kazi yake hasa ni kumfanya aliyeshika mashine ajue, bila kubahatisha, amefika hatua ipi kati ya hizo tatu.

Kwa nini usitumie skrini zilizokuja na mfumo?

Mfumo wa kusimamia ghala ukinunuliwa huja na skrini zake. Kupokea mzigo, kuupanga, kuuhamisha, kukusanya oda, kuhesabu stoku: zote zimo. Maghala mengi yanatosheka nazo, na yeyote anayeanza namshauri azitumie miezi mitatu kwanza kabla hajafikiria kutengeneza za kwake. Miezi hiyo ndiyo itakayomfundisha anachokihitaji.

Shida ni kwamba skrini hizo zimetengenezwa kwa ajili ya ghala la wastani, na ghala la wastani halipo mtaa wowote. Zinauliza mambo ambayo kwako hayana maana, halafu zinaliruka lile moja ambalo kwako ni la kufa na kupona. Kwenye dawa, swali hilo ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Boksi linalowahi kuisha muda ndilo linalotoka kwanza, hata kama liliingia jana na mwenzake yupo rafuni tangu mwaka jana. Skrini tuliyoikuta ilikuwa na tarehe hiyo, ila ilikuwa ukurasa wa tatu, chini, ikisubiri mtu aichape kwa mkono. Nilisimama na karatasi nyuma ya dada mmoja wa mapokezi nikawa nahesabu: kupokea aina moja ya dawa kulimtaka aguse skrini mara 11, na mara nne kati ya hizo alikuwa anakubali tu kitu ambacho mfumo ulikuwa unakijua tayari. Ukizidisha kwa gari zima la mzigo, utaelewa kwa nini watu wanaishia kuandika kwenye daftari na kuingiza kwenye mfumo jioni, na hapo skana inabaki pambo.

Sura ya skrini hizi ina historia yake. Mwaka 1978 kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation ilitoa kioo cha kompyuta kilichoitwa VT100, chenye mistari 24 ya herufi 80. Chenyewe hakikuwa na uamuzi wowote. Kilionyesha tu maandishi yaliyoletwa na kompyuta kubwa iliyokuwa chumba kingine, na kurudisha kilichochapwa. Skana zilipoanza kuunganishwa kwa redio, njia nyepesi ilikuwa kuzifanya zijifanye vioo vidogo vya aina hiyo. SAP, kampuni ya Ujerumani ya programu za biashara, kwa mfano, iliweka saizi mbili za skrini za ghalani: mistari 16 ya herufi 20 kwa mashine ya mkononi, na mistari 8 ya herufi 40 kwa ile inayofungwa kwenye foklifti. Skrini za namna hiyo bado zinafanya kazi duniani kote, na mimi siwezi kuzidharau. Ukiwa na herufi 20 tu kwa mstari unalazimika kuchagua neno.

Baadaye zikaja skana zenye Windows ndogo ndani yake. Kufikia Januari 2020, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows Embedded Handheld 6.5, soko lilikuwa limeshahamia Android. Leo ukitaka skrini yako mwenyewe unaweza kubaki na maandishi ya kizamani, unaweza kutengeneza kurasa za wavuti zinazofunguka kwenye skana, unaweza kurekebisha programu ya simu ya mwuzaji wa mfumo kwa kadiri alivyoruhusu, au unaweza kuandika programu ya Android kuanzia mwanzo. Sisi tulichukua hii ya mwisho, kwa sababu moja ambayo nitaieleza tukifika kwenye waifai.

Hatua ya kwanza: kusoma

Skana ikitoka boksini, mara nyingi imewekwa ijifanye kibodi. Ikisoma barkodi, au msimbomilia kama wengine wanavyoiita, inaziandika tarakimu kana kwamba kuna mtu anachapa kwa kasi ya ajabu, kisha inabonyeza Enter. Ni njia rahisi na inaingiliana na programu yoyote. Lakini kibodi haijui inamwandikia nani. Kile kimstari kinachomweka kikiwa kwenye kisanduku cha idadi badala ya kisanduku cha bidhaa, tarakimu 13 za barkodi zinaingia kwenye idadi, na mashine inalia vizuri kabisa. Nimeshaona kwa macho yangu skrini ikiomba kuthibitisha mapokezi ya katoni zaidi ya trilioni sita. Aliyeshika mashine alikuwa ameshageuka kuchukua katoni inayofuata, kwa sababu alisikia mlio.

Njia nyingine ni kuiambia skana isichape chochote, bali ipeleke ujumbe moja kwa moja kwenye programu. Vifaa vya Zebra vina programu iitwayo DataWedge kwa kazi hiyo, na watengenezaji wengine kama Honeywell wana ya kwao. Unaiambia: programu yangu ikiwa ndiyo iliyo mbele, kila kitakachosomwa mpe yeye, na soma aina hizi tu za barkodi. Ujumbe unafika ukiwa mzima, na unataja aina ya barkodi yenyewe: hii ni EAN-13, hii ni Code 128, hii ni DataMatrix.

Taarifa hiyo ndogo ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Lebo za rafu zetu zote ni Code 128. Skrini ikiomba rafu halafu ikaletewa EAN-13, inajua papo hapo kwamba mtu amepiga boksi, na inaweza kumwambia kabla ya kuisumbua seva. Vilevile, zima kila aina ya barkodi usiyoitumia. Kuna moja iitwayo Interleaved 2 of 5, huipata sana kwenye katoni za nje, ambayo ina tabia ya kusomeka nusu pale mwanga wa skana unapokatiza mistari kwa mshazari. Unapata namba fupi inayoonekana halali kumbe si kamili. Kama huna budi kuitumia, iwekee urefu: tarakimu 14, pungufu ya hapo ikatae.

Hatua ya pili: kuelewa

Barkodi ya kawaida ya dukani ina tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinaonyesha ofisi ya GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba za barkodi, iliyotoa namba: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya. Hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua namba ya mfano 620123456789 isiyo na mwisho bado. Zidisha tarakimu kwa moja na tatu kwa kupokezana ukianzia kushoto, jumlisha, unapata 107. Kinachokosekana kufika kumi kamili inayofuata, yaani 110, ni 3. Basi namba kamili ni 6201234567893. Skana inafanya hesabu hiyo yenyewe. Mtu akichapa kwa mkono kwa sababu lebo imelowa, skrini yako ndiyo inayotakiwa kuifanya, na wengi wanasahau.

Mambo yanakuwa mazito kwenye pakiti ya dawa, kwenye kile kimraba cha vidoti kiitwacho DataMatrix. Ndani yake hamna namba moja. Mna sentensi nzima isiyo na nafasi. Huu ni mfano nilioutunga:

01062012345678931728033110AB447121000583

Ukiisoma kwa kanuni za GS1 inafunguka. 01 maana yake ni "inayofuata ni namba ya bidhaa, tarakimu 14", kwa hiyo 06201234567893, ile ile ya juu ikiwa imeongezewa sifuri mbele. 17 ni tarehe ya mwisho wa matumizi, tarakimu sita zinazoanza na mwaka: 280331 ni tarehe 31 Machi 2028. Siku ikiandikwa 00 isichukuliwe kuwa kosa. Maana yake ni siku ya mwisho ya mwezi huo. 10 ni namba ya bechi, yaani kundi la dawa lililotengenezwa pamoja. 21 ni namba ya pakiti yenyewe, isiyofanana na ya pakiti nyingine yoyote ya bidhaa hiyo.

Sasa angalia bechi. Haina urefu maalumu, inaweza kuwa na herufi moja hadi 20. Utajua vipi imeishia wapi? Kanuni inasema kitu cha urefu usiojulikana kikifuatwa na kingine, katikati yao iwekwe alama ya kutenganisha. Ikifika kwenye programu, alama hiyo ni herufi namba 29 katika ASCII, ile orodha inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, na haionekani kwa macho. Skana ikiwa imepangwa kuondoa herufi zisizoonekana, na nyingi zinapotumika kama kibodi zinaipoteza hivyo hivyo, programu inabaki na mkia mrefu AB447121000583 na kuamini kwamba yote hiyo ni bechi.

Hilo lilitupata. Kwa muda wa wiki mbili kila pakiti ilisajiliwa kama bechi yake ya pekee, kwa sababu kila moja ina namba yake ya mwisho. Skana zililia, skrini zilionyesha kijani, stoku ilikuwa sahihi kwa hesabu. Aliyegundua alikuwa mfamasia aliyetafuta bechi moja na kuambiwa haipo, ilhali alikuwa ameishika mkononi. Jambo hili linanikosesha raha hadi leo nikilifikiria. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikitangaza kwamba bechi fulani iondolewe sokoni, ghala linatakiwa kusema kila boksi la bechi hiyo liko wapi na lilikwenda hospitali gani. Sisi tungejibu kwamba hatunalo hata moja.

Tangu hapo skrini yetu ya kupokea haifichi ilichoelewa. Ikisoma kile kimraba inaandika kwa herufi kubwa jina la dawa, chini yake bechi, chini yake tarehe kwa maneno: "31 Machi 2028". Dada wa mapokezi analinganisha na kilichochapishwa kwenye boksi. Ni sekunde mbili, lakini ndizo zinazokamata kosa ambalo hakuna hesabu ya ukaguzi itakayolikamata.

Hatua ya tatu: kuandika

Hapa ndipo katoni 24 zilipogeuka 48.

Waifai ya ghala ilipimwa kabla mzigo haujaingia, na ilishika kila kona. Kisha rafu zikajaa maji ya dripu. Maji yanameza mawimbi ya waifai, na chuma cha rafu kinayarudisha yalikotoka. Njia ya saba, ambako paleti za dripu zilipangwa hadi juu pande zote mbili, ikawa shimo. Siku ile mzee alikuwa njia ya saba.

Alichagua oda, akapiga boksi, akaandika 24, akabonyeza "Thibitisha". Ombi likasafiri, likafika, seva ikaandika 24, ikarudisha jibu. Jibu ndilo lililopotea. Kwenye skrini kimduara kikazunguka sekunde 30, halafu yakaja maneno niliyoyaandika mwenyewe: "Hakuna mtandao. Jaribu tena." Akatembea hatua chache, akajaribu tena. Mashine ikalia, kijani ikawaka. Seva ilikuwa imepokea ombi jipya la katoni 24, na haikuwa na sababu yoyote ya kulikataa.

Kukosa jibu na kukataliwa ni vitu viwili. Kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu analijua hili: umetuma, ujumbe haujarudi, mtandao unasuasua. Hutumi mara ya pili. Unaangalia salio kwanza, au unampigia uliyemtumia. Ujumbe wangu ulimwambia mzee afanye kinyume cha busara hiyo.

Dawa yake inajulikana na ni ya zamani, ila lazima itiwe mahali panapostahili. Kila muamala unapewa namba ya pekee na skana yenyewe, kabla haujatumwa. Namba hiyo ni ndefu, biti 128, na inazalishwa kwa kubahatisha kiasi kwamba mashine mbili hazitagongana. Skana inaihifadhi ndani pamoja na data, kisha inatuma. Seva ikipokea inaangalia: namba hii nimeshaiona? Kama bado, inaandika stoku na namba kwa pamoja. Kama imeshaiona, haiandiki kitu. Inarudisha lile jibu la mara ya kwanza. Skana inaweza kutuma mara kumi, katoni zitabaki 24.

Kuna mitego miwili, nami nilinasa kwenye wa kwanza. Nilizalisha namba pale mtu anapobonyeza "Thibitisha". Akibonyeza tena, namba mpya, na tumerudi kule kule. Namba inatakiwa izaliwe muamala unapoanza, yaani skrini ya kwanza inapofunguka, na ife pale tu jibu linapopatikana. Mtego wa pili uko upande wa seva: stoku na namba zikiandikwa kwa hatua mbili zilizoachana, umeme ukikatika katikati unapata stoku isiyo na namba. Ziandikwe kwa muamala mmoja wa kanzidata, zote au hata moja.

Na kama mfumo wa ghala ni wa kununua, hauna mahali pa kupokea namba yako? Mara nyingi ndivyo ilivyo. Tuliweka huduma ndogo katikati, inayopokea kutoka kwenye skana na kuongea na mfumo. Namba yetu tuliiingiza kwenye kisanduku cha kumbukumbu ya nje, ambacho mifumo mingi wanacho kwa ajili ya namba ya hati ya mzigo. Huduma ya katikati isipopata jibu haitumi tena kwa pupa. Inauliza mfumo kwanza kama una hati yenye kumbukumbu hiyo. Ndiko kuangalia salio.

Kuhifadhi muamala ndani ya skana ndiyo sababu niliyoiahidi ya kuandika programu ya Android badala ya kurasa za wavuti. Kurasa za wavuti za leo zinaweza kuhifadhi pia, lakini kwenye vifaa vile nilitaka uhakika kwamba betri ikichomolewa na kurudishwa, muamala uliokuwa njiani utakutwa pale pale.

Kutoka hapo watu huomba kila kitu kifanye kazi bila mtandao. Nilikataa, na bado nakataa. Kupokea na kuhesabu kunaweza kusubiri, kwa sababu mzigo uko mbele ya mtu na hakuna mwingine anayeushika. Kukusanya oda hakuwezi. Wakusanyaji wawili wasio na mtandao wataambiwa wote wawili kwamba boksi la mwisho lipo rafuni, na mmoja atafika akute pengo. Kwa kazi hiyo skrini inasema wazi: "Huna mtandao. Sogea karibu na mlango wa njia." Na kwenye njia ya saba tuliongeza kituo kingine cha waifai, kwa sababu programu haiwezi kutoboa tangi la maji.

Skrini yenyewe

Sijagusia muonekano hadi sasa kwa makusudi. Lakini una kanuni moja ninayoishikilia kuliko zote: skrini moja, swali moja. Mtu wa ofisini ameketi, ana kioo kikubwa, anaweza kujaza fomu ya visanduku kumi na mbili kwa mpangilio autakao. Mtu wa ghalani amesimama, mkono mmoja una katoni, macho yanatafuta rafu, nyuma kuna foklifti inapiga honi. Muulize: rafu ipi? Akijibu kwa skana, iondoe, muulize: boksi lipi? Kisha: ngapi? Mpangilio ufuate miguu yake. Anafika kwenye rafu kabla hajagusa boksi, basi rafu iulizwe kwanza. Nimekuta mifumo inayouliza boksi kwanza kwa sababu ndivyo kanzidata ilivyopangwa, na watu wanapiga skana wakiwa wameinama kinyume nyume.

Maneno yawe yao. "Skani rafu A-14-03" inatosha. Pale mambo yanapokwenda kombo, usimwandikie "Kosa 4012: Kitu batili". Mwandikie "Hapa ni A-14-02. Unatakiwa A-14-03, kulia." Mfumo unajua mambo yote hayo mawili, kumnyima mtu ni uvivu wa mtengenezaji. Tuliandika skrini zote kwa Kiswahili, tukayaacha maneno machache kama yanavyotamkwa ghalani. Katoni ikabaki katoni, bechi ikabaki bechi. Mtu mmoja alipendekeza neno la kamusi badala ya "paleti", na makuli wote walinyamaza walipolisoma. Tulilirudisha paleti.

Vitufe viwe vikubwa. Android inapendekeza eneo la kugusa lisilopungua vipimo 48 kwa 48 vya skrini viitwavyo dp, ambalo kwenye kioo ni kama milimita 9. Kwa kidole chenye glavu nimeona hata hilo ni dogo; vya kwetu vinachukua upana mzima wa skrini na viko chini, dole gumba linapofika. Kitufe cha kufuta kisikae jirani na cha kuthibitisha.

Skrini ya kuhesabu stoku ina sheria yake: isionyeshe idadi iliyomo kwenye mfumo. Ya kwanza ilikuwa inaonyesha, "ili kuwasaidia", na kwa miezi miwili hesabu zetu zilikubaliana na mfumo kwa namna isiyo ya kawaida. Mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni akiona 144 juu ya skrini, ataangalia rafu iliyo kama ina 144 na kuandika 144. Tulipoiondoa, tofauti zilijitokeza wiki ile ile. Ikitokea tofauti, skrini haisemi umekosea. Inasema "Hesabu tena", na ikipata jibu lile lile mara ya pili inalipeleka kwa msimamizi.

Jambo jingine ambalo wenye fedha hawapendi kulisikia: skrini za kwako zitakugharimu kila mfumo unapopata toleo jipya. Ukiingiza mkono ndani ya programu ya mwuzaji na kuibadilisha, siku atakapoleta masahihisho utachagua kati ya kuyakosa na kupoteza yako. Pita kwenye milango aliyoifungua rasmi tu, yaani njia alizoziruhusu za programu nyingine kuongea na mfumo, hata kama ni ndefu. Na skrini ya mwuzaji iache ikiwa imewashwa pembeni, ili ya kwako ikianguka usiku mzigo usisimame getini.

Tukarudi kwenye mlio. Niliuzima ule unaotoka kiwandani, ule wa "nimesoma", na sauti zote zikawa chini ya programu. Sasa skana ikisoma inatoa kimlio kifupi cha chini, kama kugonga ukucha kwenye meza. Seva ikiandika, zinatoka noti mbili zinazopanda. Ikikataa, mashine inatetema mkononi na kutoa sauti nzito ndefu, na skrini haiendi mbele hadi mtu aguse. Muamala ukiwa umehifadhiwa unasubiri mtandao, hakuna noti mbili. Kuna kimlio kile cha chini na namba ya rangi ya machungwa juu ya skrini: "Zinasubiri: 3".

Tulianza na mashine moja, njia moja, mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa mzee. Wiki ya kwanza nilikuwa nakwenda njia ya saba na kuzima kituo cha waifai bila kumwambia, katikati ya muamala. Mara ya kwanza alisimama, akaitazama skrini muda mrefu, akasoma kwa sauti: "Zinasubiri, moja." Akaweka katoni rafuni, akachukua nyingine. Nilipowasha, zile noti mbili zilitoka akiwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Alinyoosha mkono, akainua kidole gumba, akaendelea kupanga.